Festo Kivengere: Mtu Aliyepanda Baiskeli Kwenda Kuomba Msamaha



Niliombwa niandike habari za mtumishi mmoja wa zamani, ili vijana wetu wajue kwamba uamsho haukuanza na spika kubwa na kinanda cha umeme. Ningeweza kuwachukua wale wamishenari Wapentekoste wa Sweden waliofika Kiremba, kusini mwa nchi yetu, mwaka 1935. Lakini hao habari zao mnazisikia kila mwaka kwenye sherehe. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa Mpentekoste hata kidogo. Alikuwa askofu Mwanglikana, mwenye kola nyeupe shingoni na joho refu. Najua kuna wapendwa ambao wakiiona kola tu wanafikiri ndani hakuna moto. Someni kwanza, halafu tutaongea.

Nimemchagua kwa sababu ya jambo moja. Ushirika wetu unavuka mipaka, na mipaka yetu sisi si ramani tu, ni vidonda. Katika kwaya moja wanasimama watoto wa watu ambao wazazi wao hawakuweza kupita mtaa mmoja. Hapa Mutanga Nord sisi wa umri wangu tulikuwa watoto ilipofika 1993, na miaka miwili iliyofuata tulijifunza maana ya siku za mji kufa, pale hakuna anayetoka nyumbani kwake. Ndugu waliovuka Rusizi mwanzoni mwa 2025 na kulala katika uwanja wa mpira wa Rugombo wana ya kwao. Na sisi sote, kila Jumamosi, tunatoka mbili mbili kwenda kushuhudia. Sasa swali ni hili: mtu aliyebeba kinyongo anashuhudia nini? Festo Kivengere alikutana na swali hilo kabla yetu, na maisha yake yote ni jibu lake.

Alizaliwa mwaka 1919 katika nchi ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mahali ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Milima ile ukiiona utafikiri uko Muramvya au Kayanza: mashamba yamepanda mpaka juu kabisa, asubuhi ukungu, jioni baridi. Watu wake walikuwa Wahororo, wafugaji wa ng'ombe, na ukoo wake ulikuwa wa kitawala. Yeye mwenyewe alichunga ng'ombe kama kijana yeyote. Kusoma alianzia katika kanisa dogo la udongo lililojengwa na mwinjilisti Mwafrika. Sisi wainjilisti tukumbuke hilo: jina la mwinjilisti yule haliimbwi na watu wengi, ila mtoto aliyemfundisha herufi alikuja kuhubiri karibu dunia nzima.

Akaendelea na shule, akasomea ualimu, akarudi Rukungiri kufundisha. Ubatizo alikuwa nao. Jina la Kikristo alikuwa nalo. Wokovu hakuwa nao, na alikuwa mnywaji. Ile hali tunaijua: mtu Jumapili yuko kanisani, jioni yuko kwenye urwarwa, Jumatatu anawafundisha watoto wa watu Amri Kumi.

Miaka ile ile uamsho ulikuwa umewaka. Ulianzia kwenye kituo cha wamishenari wa Kianglikana pale Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukawaunganisha wazungu kama daktari Joe Church na Waafrika kama Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi. Katikati ya miaka ya 1930 ukafika Kigezi, ukashuka Burundi kupitia Matana na Buhiga, ukavuka mpaka Tanganyika na Kenya. Watu wale wakaitwa Balokole, yaani waliookoka. Hapa kwetu wazee wanasema abarokore. Wimbo wao wa Tukutendereza bado tunauimba hata sisi, na wengi wanafikiri ni wetu.

Balokole walikuwa na desturi moja iliyowasumbua watu kuliko nyimbo zao. Mtu akiokoka, hakukaa nyumbani akifurahi peke yake. Alitoka kwenda kurudisha. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kwa mkuu wa eneo akasema. Aliyemsengenya jirani alimwendea jirani. Wakuu wa serikali walishangaa kuona watu wanaleta pesa ambazo hakuna aliyekuwa anazidai.

Mwalimu Festo hakupenda watu hao. Walimkera. Hata ndani ya ukoo wake walikuwamo: dada yake na binti wa ndugu yake walikuwa wameokoka, na walikuwa wakimwombea waziwazi. Siku moja ya mwaka 1941 binti yule akasimama kanisani akasema mbele ya watu kwamba Mungu amewahakikishia kuwa Festo anakuja kwa Yesu. Festo akatoka amekasirika, akaenda kunywa ili asisikie vizuri.

Akiwa njiani kurudi kwake kwa baiskeli, akamwona rafiki yake anakuja mbio, naye juu ya baiskeli. Rafiki yule alikuwa mwenzake wa pombe. Akasimama, uso umebadilika, akamwambia kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa hai kwake na dhambi zake zimesamehewa. Angeishia hapo, pengine Festo angecheka. Lakini hakuishia hapo. Alikuwa na mambo matatu ambayo alimkosea Festo, akayataja moja baada ya jingine, akaomba msamaha. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake akiimba.

Wapendwa, nimeifikiria sana habari hii. Rafiki yule hakutoa mahubiri yenye vichwa vitatu, wala hakumtisha mwenzake na moto. Alilipa deni. Na lile deni alilolipa ndilo lililomvunja Festo. Alifika nyumbani kwake, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwona Yesu msalabani kwa macho ya moyo, akaelewa kwamba mateso yale yalikuwa kwa ajili yake. Akainuka ameokoka.

Sasa ikawa zamu yake. Alianza kuwaendea watu. Kila alikokwenda kushuhudia alikuta kuna mtu aliyemkosea, na ushuhuda ukaanzia pale. Ila mtu mmoja alimshinda. Alikuwa mzungu, Mwingereza, aliyekaa mbali, na Festo alimchukia. Tusisahau nyakati zile za ukoloni. Mwafrika alikuwa na sababu zake, na chuki ile aliiona kama haki yake. Tena mzungu mwenyewe hata hakujua kwamba anachukiwa! Kwa nini basi kujisumbua? Lakini kila alipopiga magoti, mtu yule alikuwa pale. Akaanza kumwona kwamba naye ni ndugu.

Akachukua baiskeli. Maili 50, yaani kilomita kama 80, katika milima ya Kigezi. Anayejua kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama kwa baiskeli ataelewa. Vijana wetu wa baiskeli hushika nyuma ya malori ili wapande. Yeye hakuwa na lori la kushika. Alifika, akaingizwa ndani, akaeleza kwamba alikuwa akimchukia na kwamba amekuja kuomba msamaha. Mzungu yule akashindwa la kusema. Wakakumbatiana, wakalia wote wawili. Festo akarudi maili zile zile 50 akiwa mwepesi.

Yaliyofuata niyapitie haraka. Mwaka 1943 alimwoa Mera, dada aliyeokoka. Baada ya vita kuu wakahamia Tanganyika wakiwa walimu wamishenari, Waafrika waliotumwa kwa Waafrika, wakakaa Dodoma miaka mingi. Huko ndiko Kiswahili chake kilikomaa. Billy Graham alipokuja Tanganyika mwaka 1960, aliyesimama kando yake kumtafsiria kwa Kiswahili alikuwa Festo, na watu wanasimulia jinsi walivyokwenda pamoja kama mtu mmoja anayesema lugha mbili. Ninyi wakalimani wa mikutano yetu, ambao mnatafsiri Kirundi, Kifaransa na Kiswahili jua likiwa utosini, mna babu mwema.

Lakini kuna habari mbili za miaka hiyo ambazo siwezi kuziruka, maana ni ndogo na zinauma kuliko zile kubwa.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Jioni moja alikuwa amekosana na mkewe, neno kali limetoka, naye saa ya mkutano imekaribia. Akachukua Biblia aende. Roho wa Bwana akamzuia: rudi jikoni, ukamwombe mkeo msamaha, muombe pamoja. Festo akajitetea kwamba watu wanamsubiri. Jibu alilopata moyoni lilikuwa kwamba basi aende yeye kuhubiri, Bwana atabaki jikoni na mke wake. Hapo hapana mchezo. Akarudi. Alikuwa akiisimulia habari hii mwenyewe mbele ya maelfu, na watu walicheka, kisha wakanyamaza kimya.

Ya pili ni ya madhabahuni. Alikuwa akisafiri kuhubiri pamoja na William Nagenda, mwinjilisti wa Buganda aliyekuwa na karama kubwa. Festo akamwonea wivu. Nagenda akihubiri na watu wakaguswa, yeye alikuwa anahesabu kasoro. Kwa nje walikuwa timu, kwa ndani mmoja alikuwa anamhukumu mwenzake. Mwishowe alimwendea Nagenda akamwambia ukweli wote kabla hawajapanda jukwaani, wakalia pamoja na kuomba. Nitasema neno hapa nanyi mtanisamehe: kama wivu wa watumishi ungekuwa unatozwa ushuru mpakani, ushirika wetu ungeijengea serikali barabara ya lami mpaka Gatumba.

Aliwekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1967, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, makao yake Kabale. Msisahau mwaka ule ulivyokuwa katika nchi zetu. Burundi tulikuwa tunazika, na wengine hawakuzikwa. Uganda ilikuwa na mwaka mmoja tu na kidogo chini ya Idi Amin, na watu walikuwa wameanza kupotea usiku.

Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu wa eneo lake walitolewa wapigwe risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Watu walilazimishwa kuja kutazama. Walikuwa maelfu, na uwanja ulikuwa kimya. Askofu Festo aliomba ruhusa ya kuongea na wale watatu kabla hawajafa, akapewa. Aliwaendea kwa nyuma akiwaza atawaambia nini watu wenye pingu waliobakiza dakika. Walipogeuka, nyuso zao ziling'aa. Mmoja wao alimwahi kabla yeye hajafungua kinywa: alimshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba siku ile aliyokamatwa, ndani ya chumba cha gereza, alimkaribisha Yesu, na kwamba amesamehewa yote. Akaomba mkewe na watoto wake waambiwe kwamba anakwenda kuwa na Yesu. Wale wengine wawili wakainua mikono yao yenye pingu wakishuhudia vilevile. Festo akageuka kwa askari waliokuwa wamesimama, akawatafsiria maneno ya wafungwa. Inasimuliwa kwamba wanajeshi walichanganyikiwa hata wakasahau kuwafunika nyuso. Wale watatu wakasimama wakiwapungia watu mikono yenye pingu, na watu wakawapungia, kisha risasi.

Mwone mwinjilisti wetu: alikwenda kuwapelekea wengine neno, akakuta ni yeye anayepelekewa. Jumapili iliyofuata alihubiri katika kijiji cha mmoja wa wale watatu, na watu walijaa. Serikali ilitaka woga usambae, kilichosambaa kikawa ushuhuda.

Sasa nifike 1977, maana wengi wanamjua Festo kwa mwaka huo.

Alfajiri ya tarehe 5 Februari askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, pale Namirembe, eti wanatafuta silaha. Maaskofu hawakunyamaza. Walimwandikia rais barua, wakaitia sahihi, wakaeleza kwamba bunduki iliyokusudiwa kuwalinda raia sasa inawaondolea raia uhai. Festo alikuwa mmoja wao. Ninaomba mliweke hili akilini mpaka tutakapolirudia: mtu tunayemwita mwalimu wa msamaha alitia sahihi barua ya kumshtaki rais mbele ya uso wake, kabla damu ya rafiki yake haijamwagika.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile. Wakasimamishwa juani saa nyingi mbele ya askari na silaha zilizopangwa chini kama ushahidi. Karatasi ikasomwa ya kumshtaki Luwum kwamba anapanga kupindua serikali. Askari walipoulizwa wafanywe nini, wakapiga kelele kwamba wauawe. Baadaye maaskofu wakaambiwa waende nyumbani, ila Luwum aliitwa ndani peke yake. Festo na mwenzake walikataa kuondoka, wakakaa nje wakimngoja, mpaka walipofukuzwa kwa mtutu wa bunduki. Asubuhi yake redio ikatangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Namirembe walichimba kaburi, mwili haukuletwa, nalo likabaki wazi. Luwum alizikwa kijijini kwake Mucwini, kaskazini kabisa. Tangu 2015 Uganda huadhimisha tarehe 16 Februari kama siku ya mapumziko kwa heshima yake.

Festo akarudi Kabale, na waliomtafuta wakafika karibu. Ndugu zake wakamshika mkono: askofu mmoja aliyekufa anatosha, ondoka usiku huu. Usiku wa tarehe 19 yeye na Mera waliondoka kwa gari hadi njia ilipokwisha, kisha kwa miguu, gizani, wakipanda mlima. Watu wa miaka hamsini na kitu, bila mzigo. Kulipopambazuka tarehe 20, Jumapili, walikuwa upande wa Rwanda. Nafikiri nusu ya wasomaji wa kitabu hiki hawahitaji nieleze asubuhi ya namna hiyo ikoje.

Na hapo ndipo moyo wake ulipougua. Alikuwa mhubiri wa upendo wa Kalvari, anaalikwa Ulaya na Marekani, anaeleza habari za Uganda, watu wanalia. Lakini kila akitaja jina la Amin, kitu kinakaza ndani. Maombi yakawa makavu. Alijua kilichompata, maana ni kile kile cha mzungu wa maili 50, ila mara hii kimekuwa na haki zaidi. Rafiki yake ameuawa. Washirika wake wanauawa. Nani angemlaumu?

Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa London, ameketi katika kanisa la All Souls, si kwa kuhubiri bali kwa kusikiliza. Wakasoma habari za msalaba, na ombi la Yesu kwa ajili ya wale waliokuwa wakimpigilia misumari. Neno likamgeukia: je, wakati ule kama Amin ndiye angekuwa ameshika nyundo, Yesu angemtoa katika ombi lile? Alijua jibu. Ikabidi amwombe Mungu amsamehe yeye kwanza uchungu wake, kisha akamsamehe Amin. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake, na jina lake likawashtua watu: kinasema kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi wenzake wengine walikasirika. Walidhani amewasaliti wafu.

Wapendwa, hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana neno samehe limetumiwa vibaya katika nchi zetu. Mjane anaambiwa asamehe ili anyamaze. Yatima anaambiwa asamehe ili asiulize baba yake alizikwa wapi. Huo si msamaha wa Festo. Baada ya Ijumaa Kuu ile hakuacha kusema yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Aliyasema kwa majina na tarehe mbele ya watu wakubwa, akahangaikia wakimbizi wapate chakula na shule. Kilichobadilika ni kwamba aliyasema bila sumu. Inasimuliwa kwamba aliulizwa: kama Amin angeketi mbele yake, na yeye ana bastola mkononi, angefanya nini? Alijibu kwamba angempa Amin ile bastola, amwambie kwamba hiyo ni silaha yake Amin, yeye hawezi kuitumia, silaha yake ni upendo. Sikilizeni vizuri: hakusema kwamba Amin ni mtu mwema. Alikataa kufanana naye.

Na angalieni mfululizo. Mathayo sura ya 18, mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Tunapenda kumhubiri yule mtumwa kama mtu mbaya. Festo alimsoma kama yeye mwenyewe. Ndiyo maana hakuweza kugawanya kazi mbili ambazo sisi tumezigawanya, kamati ya upatanisho huku na idara ya uinjilisti kule. Kwake ilikuwa kazi moja. Aliokoka kwa sababu mtu alimwomba msamaha barabarani, na tangu hapo hakujua namna nyingine ya kuipeleka Injili.

Amin alianguka Aprili 1979, na mwezi uliofuata Festo na Mera wakarudi. Uganda ilikuwa imeharibika: maduka matupu, hospitali bila dawa, na watu wenye orodha za kulipiza kisasi mifukoni. Aliwarudia watu wake Kigezi akihubiri kwamba orodha zile zichomwe. Si wote waliosikia. Damu iliendelea kumwagika nchini mwake miaka mingine saba, na hilo lilimuumiza. Pamoja na Michael Cassidy wa Afrika Kusini, mzungu wa nchi ya ubaguzi wa rangi, aliongoza timu ya uinjilisti ya African Enterprise. Mwafrika mweusi na mzungu wa Afrika Kusini jukwaa moja, miaka ile! Yule aliyepanda baiskeli 1941 angeelewa.

Ugonjwa wa saratani ya damu ulimkuta akiwa bado ana ratiba ya kuhubiri. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988, umri miaka 68 au 69, akarudishwa Kabale, akazikwa kati ya watu wake. Miezi mitatu tu baadaye, Agosti, kwetu Burundi zikaja zile siku za Ntega na Marangara.

Idi Amin aliishi miaka mingine 15. Alikufa Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Mtu aliyekuwa na sababu ya kumngoja aje aombe msamaha alikuwa ameshalala Kabale zamani, na hakuwa amemngoja.